Pole au Samahani: Deni la Ben Jipcho

Watu wakibishana kuhusu mbio za mita 1,500 za Olimpiki ya Mexico City, mwaka wa 1968, huwa wanabishana kuhusu Kipchoge Keino. Alikuwa anaumwa na nyongo, madaktari wakamkataza kukimbia, akakimbia, akashinda. Hadithi hiyo tumelelewa nayo. Mimi nina swali kuhusu mtu aliyemaliza wa kumi.

Huyo wa kumi aliitwa Ben Jipcho, kijana wa Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Mbio zilipoanza tarehe 20 Oktoba, alitoka kama mtu anayefukuza wezi wa ng'ombe. Mita 400 za kwanza alizimaliza kwa takriban sekunde 56. Hiyo ni kasi ambayo mtu anayetaka kushinda haigusi mapema hivyo, tena katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Keino alikuja nyuma yake, akampita, akaendelea kuvuta. Jim Ryun wa Marekani, mwenye rekodi ya dunia, alibaki nyuma akitegemea miguu yake ya mwisho. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kwa hewa nyembamba ile, dakika 3 na sekunde 39 zingempa dhahabu. Akakimbia 3:37.8, bora kuliko hesabu yake mwenyewe. Keino akakimbia 3:34.9, rekodi ya Olimpiki iliyodumu hadi mwaka wa 1984. Pengo kati yao lilikuwa karibu mita 20.

Miaka baadaye Jipcho alimwomba Ryun radhi kwa kazi aliyoifanya siku hiyo.

Sasa hapo ndipo ninapokwama. Aliomba radhi kwa kosa gani?

Tuanze na jibu la wanaosema kosa lilikuwepo. Wanasema mbio za 1,500 ni za mtu mmoja mmoja. Kila anayesimama kwenye mstari anaahidi, hata bila kutamka, kwamba anajaribu kushinda. Jipcho hakujaribu kushinda, alijaribu kumchosha mtu. Kwa hiyo Ryun alikimbia dhidi ya wawili huku akidhani kila mmoja yuko kivyake.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haifiki mbali. Jipcho hakumsukuma mtu wala hakumzibia njia. Kasi yake ilionekana na kila aliyekuwa uwanjani, na kila mmoja alikuwa huru kuifuata au kuiacha. Marekani yenyewe ilikuwa na wakimbiaji watatu katika fainali ile, Kenya wawili. Na kama kumvutia mwenzako kasi ni wizi, basi tufute pia ile maili ya Roger Bannister ya mwaka wa 1954, ya kwanza kukimbiwa chini ya dakika nne. Chris Brasher na Chris Chataway walimvuta karibu njia nzima, na dunia ikawapigia makofi wote watatu. Brasher baadaye alishinda dhahabu ya Olimpiki kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mwaka wa 1956. Sijawahi kusikia akidaiwa radhi.

Jibu la pili ni la wazalendo. Wanasema hakuna cha kuombea radhi, Kenya ilishinda, basi. Jibu hili ni tamu, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ukishasema nchi inatosha kuwa sababu, hutauliza tena ni nani alilipa. Kujitolea kuna maana pale tu ambapo mtu angeweza kukataa. Mtu akitumwa akaungue ili mwingine ang'ae, na hana nafasi ya kusema hapana, huko si kujitolea, ni kutumiwa. Na hata akikubali kwa moyo wote, waliofaidika hawajaruhusiwa kusahau.

Niliwahi kulizungumza jambo hili Kitale, kwenye stendi, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja matatu ijae aende Bungoma. Alinisikiliza, halafu akacheka.

"Kijana, wewe unamhurumia Jipcho bure. Si alikuja kupata zake?"

"Alipata, mzee. Lakini kama hangepata?"

"Hangepata vipi na miguu ile?"

Ni kweli alipata. Munich, 1972, alichukua fedha katika kuruka viunzi na maji, nyuma ya nani tena? Keino, kwa tofauti ya sekunde moja. Januari 1973, Lagos, alishinda Michezo ya Afrika na kuifikia rekodi ya dunia ya 8:20.8. Juni mwaka huohuo, Helsinki, akaishusha mara mbili ndani ya siku chache, mpaka 8:14. Mwaka wa 1974, Christchurch, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akashinda dhahabu mbili, viunzi na mita 5,000, kisha akaongeza shaba katika mita 1,500 zilezile, siku ambayo Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia. Bayi alitoka mbele kama Jipcho alivyotoka Mexico, tofauti ni kwamba alikuwa anajikimbilia mwenyewe.

Lakini hoja ya mzee haikunitosha. Aliyebeba gunia la mwenzake haondolewi deni lake kwa sababu baadaye alivuna shamba lake mwenyewe. Huku Trans Nzoia tunaijua hesabu hiyo. Ukija kunisaidia kuvuna mahindi leo, nami nikija kwako Jumanne, tumelipana. Mvua ikikunyeshea vizuri mwaka ujao, huko ni kubarikiwa, si mimi niliyekulipa. Mavuno ya 1973 na 1974 Jipcho aliyapata kwa miguu yake. Hayakulipa mzunguko wa kwanza wa Mexico.

Turudi kwa radhi. Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingine ninazozijua. Sisi tuna samahani na tuna pole, na kila mtoto anajua tofauti. Nikikukanyaga nasema samahani. Ukianguka mbele yangu nasema pole, ingawa sikukusukuma. Samahani inakiri kosa, pole inakiri maumivu. Sasa kuna hali ya katikati ambayo hatuisemi sana: mtu ameumia kwa sababu ya jambo nililolifanya, na jambo lenyewe lilikuwa halali. Nimepata kazi ambayo rafiki yangu pia aliiomba. Nimenunua shamba ambalo jirani alikuwa anadunduliza pesa alinunue. Simwambii samahani, kwa maana nitakuwa naongopa. Lakini nikinyamaza kabisa, kuna kitu kimepungua ndani yangu.

Naona radhi ya Jipcho inakaa hapo. Angekuwa anazungumza na Ryun kwa Kiswahili, angelazimika kuchagua, na ningemshauri achague pole. Ryun hakuibiwa. Ila mtu aliyefanya kazi nzuri kuliko hesabu yake mwenyewe, akashindwa, anastahili kuangaliwa usoni na yule aliyemshindisha. Kufanya hivyo hakuipunguzii Kenya chochote. Kunamwongezea Jipcho.

Kuna sura nyingine ya maisha yake ambayo inalifanya swali liwe gumu zaidi. Baada ya Christchurch aliingia mbio za kulipwa Marekani, katika chama cha International Track Association. Siku hizo sheria ilikuwa kali: ukipokea pesa za mbio hadharani, Olimpiki umeaga. Waliobaki waliitwa wanariadha wa ridhaa, na ridhaa hiyo ilisifiwa kama usafi wa moyo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa ametoa nguvu zake bure Mexico alionekana ameasi alipoamua, akiwa na miaka 31, kuziuza. Kuna walioona ni tamaa.

Mimi naona kinyume. Mwenye haki ya kutoa ni yule mwenye haki ya kuuza. Kama miguu si yako kiasi kwamba huwezi kuipangia bei, basi hata zawadi uliyoitoa haikuwa yako kuitoa. Na hebu tazama kilichofuata. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal mwaka wa 1976, na ikasusia ya Moscow mwaka wa 1980. Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka wa 1978, hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja. Yeye aliisubiri, siasa ikamfungia mlango. Jipcho angesubiri, angeambulia nini? Chama kile cha kulipwa kilikufa mwaka wa 1976, lakini angalau kilikuwa kimemlipa. Tena waliokwenda huko hawakuwa watu wa kando. Ryun alikuwemo. Keino pia. Watu watatu wa mchezo mmoja wa Mexico walijikuta kwenye malipo ya kampuni moja.

Siku hizi kazi ya mzunguko wa kwanza ina mkataba. Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 na kumaliza marathoni kwa saa 1:59:40, walimvuta watu 41 kwa zamu, mbele ya kamera, kila mtu akijua wanafanya nini. Na mvutaji wa kulipwa ana uhuru wake: Berlin, mwaka wa 2000, Simon Biwott aliajiriwa aweke kasi, akajisikia vizuri, akaendelea hadi mwisho na kushinda. Bei inajulikana na ruhusa ya kujikimbilia ipo. Sidhani pesa imeuchafua mchezo hapo. Imeweka wazi kile ambacho Mexico kilifanywa bila jina.

Jipcho alifariki Julai 2020, baada ya miaka mingi ya kulima kimya Trans Nzoia. Eldoret kuna uwanja wenye jina la Kipchoge Keino, na anastahili. Sidai Jipcho ajengewe mwingine. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na labda kigumu zaidi. Tarehe 20 Oktoba, siku zile ikiitwa Siku ya Kenyatta, tangu katiba ya 2010 ni Siku ya Mashujaa. Kila mwaka, uwanjani Bungoma na uwanjani Kitale, kuna mtu atashika kipaza sauti ataje majina. Akifika Mexico, aanze kuhesabu kuanzia mita ya kwanza, asirukie ya mwisho. Jipcho alimwendea Mmarekani ambaye hakuwa na deni lake akamwambia neno. Sisi tulio na deni hilo bado hatujamwambia asante.