Mgeni Aliyepewa Jembe



Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda, maana yafundisha kazi. Lakini tujiulize: akiisha kulima, akavuna, akatulisha na sisi, je, ataitwa mgeni hata lini?

Mwaka 1972 ndugu zetu wa Burundi walikimbia mauaji makubwa nchini mwao wakaingia Tanzania. Serikali iliwapa mapori ya miombo yenye mbung'o huko Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka, wakajenga, wakalima mahindi, maharagwe, mihogo na tumbaku, wakasimamisha na nyumba za sala. Kufikia mwaka 1985 makazi yote matatu yalikuwa yamekwisha kukabidhiwa kwa serikali, kwa kuwa watu wake walijilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa kuwapokea wakimbizi. Alistahili. Lakini jembe lilikuwa mikononi mwa nani?

Vyeti vya uraia vilianza kutolewa Oktoba 2014, kwa watu zaidi ya 160,000. Ni miaka 42 tangu walipovuka mpaka. Mtoto aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1973 alikuwa amekwisha kuwa mtu wa miaka 41, naye aliijua Burundi kwa masimulizi tu. Miaka mingi alitakiwa kuwa na kibali ili atoke nje ya makazi. Nasi hatukosi lawama. Tulinunua maharagwe yao sokoni, tukaimba nao kanisani, kisha tukawaita wakimbizi, hata watoto waliozaliwa hapa hapa.

Wako wasemao: tuwaheshimu, kwani wametuletea faida. Neno hili ni jema, lakini ni nusu ya ukweli. Ikiwa heshima ni malipo ya mavuno, itakuwaje kwa bibi kizee aliyevuka mpaka akiwa hana nguvu za kushika jembe?

Tumtazame Ruthu Mmoabi. Aliokota masazo katika shamba la Boazi, na baadaye akawa mmoja wa mabibi wa ukoo wa Mfalme Daudi. Boazi hakuyajua hayo alipowakataza vijana wake wasimguse. Alimwona mjane, mgeni, aliyekuwa mwaminifu kwa mkwewe, basi. Hata Bwana wetu alikimbiziwa Misri akiwa mtoto mchanga, asiyeweza kumfaidi mtu kwa kazi yoyote.

Kwa hiyo, ndugu, tuwashukuru waliolima, na kazi yao tuitaje mbele ya watoto wetu, wasije wakadhani mapori yale yalijifyeka yenyewe. Ila shukrani ni kwa ajili ya kazi. Heshima ni kwa ajili ya mtu, aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, nayo hutangulia mavuno.

Jumapili ijayo akiingia mtu tusiyemfahamu, tumpishe kwenye benchi, tumwulize jina lake kabla ya kumwuliza atokako. Mungu atusaidie.