Mganga Hajigangi: Mshauri na Anayemsimamia

Usimamizi wa kitaaluma ni utaratibu ambao mtu anayewaongoza wengine kwa mazungumzo, awe kocha wa kazi, mnasihi au mshauri wa ndoa, hukutana mara kwa mara na mwenzake mwenye uzoefu na kumweleza anavyoifanya kazi hiyo: alichosikia, alichojibu, alichoshindwa kujibu, na kilichomchoma moyoni. Si mtihani, wala si ripoti ya mwezi kwa mwajiri. Swali lililo chini yake ni la kale kuliko taaluma yenyewe: je, mtu anaweza kuijua nafsi yake vya kutosha hata akabidhiwe nafsi za wengine bila yeye kuangaliwa na yeyote?

Burundi ina jibu lake la zamani, nalo ni ubushingantahe. Mushingantahe ni mtu aliyekubaliwa na majirani wa kilima chake asuluhishe ugomvi wa mashamba, urithi na ndoa, na awape watu shauri. Hakujiteua. Aliyeonekana kufaa aliwekwa chini ya mzee aliyekwisha kutawazwa, akafuatana naye kwenye mabaraza, huku akipimwa ukweli wake, subira yake, kiasi chake katika pombe na uwezo wake wa kutunza siri. Alipokomaa alikula kiapo hadharani, mkewe akiwepo, akawa na haki ya kushika intahe, fimbo ya hukumu. Watu wakanywa pamoja kuwa mashahidi.

Lililo zito zaidi lilikuja baada ya sherehe. Mushingantahe hakuamua peke yake. Pande zote zikishasikilizwa, wazee walijitenga kando wakajadiliana mpaka wakapata neno moja, ndipo likatangazwa kwa niaba ya wote. Aliyekula rushwa au kumpendelea shemeji yake aliitwa na wenzake, akaonywa, na akizidi akavuliwa heshima. Haki ya kuingia katika maisha ya watu aliipokea pamoja na wajibu wa kuangaliwa mwenyewe, na wajibu huo haukuisha siku ya kutawazwa. Hapa ndipo ubushingantahe unapowapita makocha wengi wa leo, ambao huangaliwa wakiwa wanafunzi tu; cheti kikishatoka, hakuna tena anayewauliza kitu.

Dini zinazofuatwa Bujumbura zimelifikia jambo hilo kwa njia zao. Padri Mkatoliki huwaondolea watu dhambi lakini hawezi kujiondolea zake; humwendea padri mwingine, na Papa naye huungama. Kwa Waislamu, ambao mtaa wao wa zamani ni Buyenzi, kule Kiswahili kinakosemwa toka barazani hadi sokoni, maelezo makini kuliko yote ni ya Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika Ihya Ulum al-Din ametaja njia nne za mtu kuzijua aibu za nafsi yake: kukaa mbele ya sheikh anayezielewa kasoro za moyo; kuwa na rafiki mkweli wa kumwangalia; kuzisikiliza ndimi za maadui, maana jicho la chuki halikosi kuona dosari; na kuchangamana na watu, ili kila baya analoliona kwao ajiulize kama nalo limo ndani yake. Hakuna hata njia moja kati ya hizo inayofanyika chumbani, mlango umefungwa. Na hoja yake haimdhanii mshauri kuwa mwovu. Nafsi ndiyo inayotazama na ndiyo inayotazamwa, kwa hiyo hujificha hasa pale inapougua.

Wanasaikolojia walifika hapo hapo kwa uzoefu wa kazi. Katika kliniki iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, Max Eitingon na wenzake waliweka sharti kwamba anayejifunza kutibu kwa mazungumzo awatibu wagonjwa wake wa mwanzo chini ya uangalizi. Mwaka 1955 daktari Mmarekani Harold Searles aliandika jambo linalostahili kutafakariwa na kila kocha: yanayopita kati ya mgonjwa na mtabibu hujirudia kati ya mtabibu na msimamizi wake. Mteja anayekwepa jambo fulani humwambukiza mshauri ukwepaji huo, na mshauri anapokuja kusimulia, naye huzungukazunguka bila kujitambua. Kujitafakari peke yake hakuwezi kulifichua hilo. Linaonekana tu pale mtu anapolisema mbele ya mtu.

Nchini Burundi hoja hii si ya vitabuni. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa mwezi Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita vya zaidi ya muongo mmoja. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, iliyofunguliwa na Mabruda wa Upendo mwanzoni mwa miaka ya 1980, isingeweza kubeba majonzi ya nchi nzima. Kuanzia mwaka 2000 shirika la HealthNet TPO liliwafundisha watu wa kawaida kazi ya kuwasikiliza wenzao. Wasikilizaji hao walikuwa wameishi katika vita vile vile. Mama anaposimulia usiku aliompoteza mwanawe, mshauri aliyempoteza ndugu husikia masimulizi mawili kwa pamoja. Huenda akaharakisha kumfariji ili maumivu yake mwenyewe yakome, au akawa mkavu kama karani. Anahitaji mtu wa kumuuliza kwa upole: aliyekuwa akilia pale ni mteja, au ni wewe?

Kocha wa meneja wa kampuni pale Rohero hana mzigo wa namna hiyo kila siku, lakini ana mtego wake. Anayemlipa ni mwajiri, na anayemsikiliza ni mfanyakazi. Taratibu, bila nia mbaya, maswali yake huanza kuelekea kule mwajiri anakotaka.

Wapo wanaopinga wakisema kumpelekea mtu wa tatu habari za mteja ni kuvunja siri. Pingamizi hili ni zito Bujumbura, mji ambao kutaja kabila, kilima na kazi ya mtu mara nyingi kunatosha kumtambulisha. Kuondoa jina hakutoshi. Msimamizi asikie zaidi habari za mshauri kuliko za mteja. Wengine huuliza nani amsimamie msimamizi, na nani amsimamie huyo naye, ngazi isiyo na mwisho. Wazee wa kilima walilitatua kwa kutopanda ngazi. Walikaa duara, kila mmoja akiwa chini ya wenzake.

Duara nalo lina upofu wake, na haki haitendeki bila kulisema. Wanawake hawakutawazwa kwa haki yao wenyewe, na watu wa jamii ya Batwa waliachwa nje. Watu wanaofanana huona mambo yanayofanana. Madhara mengine yalitoka juu: tangu enzi za ukoloni, na baadaye chini ya chama kimoja, watawala waliwateua bashingantahe wao bila kuwapitisha katika malezi yale, na wananchi walijua kumtofautisha aliyetawazwa na aliyeteuliwa. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka taasisi hiyo irejeshewe hadhi yake. Ndivyo ilivyo kwa washauri wa leo: usimamizi unaotoka kwa mwenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza humfundisha mshauri kuficha makosa, yaani kinyume kabisa cha kilichokusudiwa.

Basi makocha na wanasihi wa Bujumbura wasisubiri mtaalamu atoke Brussels au Nairobi. Wanne au watano, wanaume kwa wanawake, wa asili na kazi mbalimbali, wasiokuwa chini ya mwajiri mmoja, wanaweza kukutana kila mwezi, kila mmoja alete kisa kilichomshinda badala ya kile alichofaulu. Na mteja aelezwe utaratibu huo siku ya kwanza, kabla hajasema neno lolote la siri.