Sekunde Moja ya Ziada
Kufuzu kwa muda marathoni ya wanaume ya Olimpiki ya Paris 2024 kulihitaji saa 2, dakika 8 na sekunde 10. Aliyezidisha sekunde moja amepungukiwa nini, mbali na tiketi? Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia Tokyo, kwenye joto, kwa 2:09:48. Kwa muda huo asingefuzu kwenda Paris!

Basi kijana wa Songea anayepanda kuelekea Matogoro alfajiri aiheshimu namba kama anavyomheshimu karani wa mlangoni. Lakini karani hamwamshi mtu kitandani. Anayeipenda namba peke yake atachoka mapema, nadhani. Anayetaka kujua kama leo atafika juu bila kutembea ana sababu ya kurudi kesho, hata njia ikiwa tope.