Mwenye Nauli na Mwenye Usukani

Mtu akikodi gari pamoja na dereva wake, amenunua nini? Swali hili laonekana dogo, na jibu lake laonekana jepesi: amenunua safari. Walakini safari si kitu kimoja. Ndani yake mna gari, mna mafuta, mna saa za maisha ya mtu mwingine; mna pia hukumu ya mtu huyo, yaani ile akili ya kupambanua kama njia iliyo mbele yapitika au haipitiki. Vile vya kwanza hupimika na bei yake hujulikana. Hukumu haina mizani, nayo ndiyo nitakayo kuichunguza hapa. Katika njia nyingi za dunia abiria aweza kuisahau kwa miaka. Lakini ziko njia chache zisizoruhusu isahauliwe.

Njia moja ya namna hiyo hutoka kiwanja cha ndege cha Denver, katika jimbo la Colorado, Marekani, ikaenda mji wa Aspen. Aspen ulianza kuwa mji wa machimbo ya madini ya fedha katika karne ya 19. Bei ya madini hayo ilipoanguka mwaka 1893 mji ulififia, ukaja kufufuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili na mchezo wa skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao zifungwazo miguuni. Hata wanafalsafa wameujua: mwaka 1949 Albert Schweitzer, tabibu wa Lambaréné huko Gabon, alikwenda Aspen kuhutubia katika sherehe za miaka mia mbili tangu kuzaliwa kwa Goethe. Leo ni mji wa matajiri. Unacho kiwanja chake cha ndege, lakini kimebanwa na milima, na siku za tufani ndege hushindwa kutua. Kwa sababu hiyo abiria wengi hushukia Denver, na wenye uwezo hupokewa na dereva aliyevaa suti, ameshika kibao chenye jina la mgeni, naye atalipwa mamia ya dola kwa kuwafikisha.

Kutoka Denver hata Aspen ni mwendo wa kilomita 350 hivi, na siku njema huchukua saa nne. Kiwanja kiko uwandani, kiasi cha mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Barabara hupanda kuelekea magharibi mpaka handaki la Eisenhower, lililotobolewa chini ya mgongo wa Milima ya Rocky. Tundu lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973, na la pili mwaka 1979. Hapo ni kimo cha mita 3,400. Gari huweza kuingia upande mmoja katika jua na kutokea upande wa pili katika theluji ivumayo. Kisha huja mteremko mrefu na mkali, ambao kando yake zimejengwa njia za changarawe za kuyapokea malori yaliyoshindwa na breki. Baada ya hapo gari hupanda tena hata Vail Pass, mita 3,250, hushuka, hufuata korongo la Glenwood kando ya mto Colorado, ndipo hugeukia kusini na mashariki kuelekea Aspen. Iko njia nyingine iliyo fupi, ipitayo Independence Pass, lakini hufungwa majira yote ya baridi.

Dereva wa njia hii hana budi kujua mambo ambayo abiria hakuombwa kuyajua. Hujua ya kuwa barafu iliyo karibu na kuyeyuka huteleza zaidi kuliko barafu ya baridi kali, hata siku ambayo abiria huiona kuwa ya joto ndiyo siku ya hatari. Hujua ya kuwa daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu upepo hulipoza juu na chini. Hujua rangi ya lami iliyolowa na rangi ya lami iliyofunikwa na utando wa barafu, na ya kuwa usiku rangi hizo mbili ni moja. Hujua kuteremka kwa gia ya chini, kwa maana breki ikanyagwayo ghafula juu ya barafu haisimamishi gari, huligeuza sleji. Na yako mambo ambayo hata yeye hawezi kuyashinda kwa ujuzi wowote: katika Machi 2019 maporomoko ya theluji yaliiangukia barabara kuu hii na kuifunga.

Sasa na tumtazame abiria. Amekaa nyuma, amepashwa joto, kioo cha pembeni kimeingia ukungu wa pumzi yake. Ana miadi ya chakula cha jioni. Aona magari mengine yapita. Aona dereva wake apunguza mwendo, kisha aegesha kando na kusema ya kuwa ni afadhali kungoja. Abiria asema, "Mbona wengine wanakwenda? Nimelipa ili nifike leo." Ana haki ya kusema hivyo?

Kwetu sisi theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali, juu ya Kilimanjaro, na yamkini kwa hiyo twaweza kulitazama jambo hili bila ya upendeleo. Mwaka 1848 Johannes Rebmann alisimulia ya kuwa ameiona theluji juu ya mlima huo, karibu na mstari wa ikweta. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London, alikataa kusadiki, akaendelea kukataa kwa miaka. Cooley hakuwa mjinga. Vitabu alikuwa navyo. Alichokosa ni kule kusimama mahali penyewe. Abiria wa nyuma naye yumo ndani ya gari lile lile, lakini kwa habari ya njia yu mbali na njia kama Cooley alivyokuwa mbali na Kilimanjaro.

La ajabu ni kwamba abiria huyu, saa moja tu kabla ya kupanda gari, alikuwa mtiifu kama mwanafunzi. Ndani ya ndege rubani alitangaza ya kuwa watazunguka angani nusu saa wakingoja upepo utulie, na hakuna aliyesimama kusema kuwa amelipa nauli. Sheria za usafiri wa anga za mataifa zimempa rubani mkuu neno la mwisho juu ya chombo chake. Baharini ni vivyo hivyo: mkataba wa mataifa wa usalama wa maisha baharini wamkataza mwenye meli, na aliyeikodi, kumzuia nahodha asiamue lile ambalo ujuzi wake waona ni lazima kwa usalama. Nchi kavu, juu ya magurudumu manne, amri hiyo huanguka chini mlangoni pa kiwanja, kama kwamba mauti ya milimani ni mepesi kuliko mauti ya angani.

Sababu yake, naona, imo katika nasaba ya kazi zenyewe. Lugha yetu ilipompa jina mwendesha ndege haikutafuta mbali. Ilimwita rubani, jina la yule mjuzi wa pwani aliyekiongoza chombo kati ya miamba na mafungu. Pamoja na jina, ikamrithisha heshima. Katika pwani yetu tajiri aliyepakia boriti zake aweza kuwa mwenye mali yote iliyomo, lakini pepo za kaskazi na kusi hazikumjua tajiri; nahodha alingoja majira, na kungoja kulihesabiwa kuwa sehemu ya safari. Dereva hakupata urithi huo. Jina lake twalipata kwa Waingereza, na katika nyumba zao alihesabiwa safu moja na mpishi na mtunza bustani. Huko Ulaya naye alishika mahali pa mwendesha farasi wa nyumba ya bwana. Na neno la Kifaransa walilompa, ambalo limeenea mataifa mengi, maana yake ya asili ni mtu awashaye moto wa mtambo. Rubani ni mrithi wa amri, dereva ni mrithi wa utumishi. Lakini barafu haisomi nasaba.

Plato, katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, amemweleza mwongoza chombo kwa namna inipendezayo sana. Mtu huyo huwavusha watu kutoka Aegina kwa oboli mbili, na hata kutoka Misri pamoja na watoto wao na mali zao kwa drakma mbili. Akiisha kuwashusha salama hutembea ufukweni kando ya chombo chake bila ya majivuno. Ujira ni mdogo, kwa sababu haiwezekani kuyauza maisha ya watu kwa thamani yake. Basi hapo ndipo kosa la yule abiria lilipo. Aliposema, "Nimelipa," alidhani nauli ni bei ya uamuzi. Nauli ni bei ya saa na mafuta. Mgonjwa humlipa tabibu, lakini hamwandikii tabibu dawa. Akimwandikia, amebaki na fedha zilizotumika na ameukosa utabibu.

Yako mambo mawili yawezayo kusemwa dhidi ya haya, na la kwanza si zito: ya kuwa maisha ya abiria ni yake, naye ana uhuru wa kuyahatarisha. Uhuru huo anao akiwa peke yake mlimani na mbao zake miguuni. Garini yumo dereva. Nje yamo magari mengine. Na chini ya korongo watateremka waokozi kwa kamba usiku.

La pili ni zito zaidi. Twaweza kuandika sheria njema, tukampa dereva neno la mwisho kama rubani, na bado neno hilo lisiwe na nguvu. Ushahidi uko Aspen penyewe. Tarehe 29 Machi 2001 ndege ndogo ya kukodi iliyotoka Los Angeles ilianguka karibu na kiwanja cha Aspen wakati wa jioni yenye theluji, na watu wote 18 waliokuwamo wakafa. Halmashauri ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza, ikaona ya kuwa marubani walishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa bila ya kuiona njia ya kutulia ipasavyo. Na miongoni mwa mambo yaliyochangia ikataja msukumo uliomwelemea rubani mkuu kutoka kwa aliyeikodi ndege, na kule kuchelewa kuondoka, huku kiwanja kikiwa hakiruhusu kutua usiku. Rubani yule alikuwa na amri yote ambayo sheria yaweza kumpa mtu. Kilichomshinda si upungufu wa haki. Ni uzito wa kumkatalia anayelipa. Ikiwa rubani mwenye sheria nyuma yake aliweza kuelemewa, atakuwaje dereva wa suti, ambaye neno moja la malalamiko laweza kumwondolea kazi?

Kwa hiyo siridhiki kusema tu ya kuwa dereva awe shujaa. Ni rahisi kuagiza ushujaa ulipwao na mfuko wa mwingine. Wajibu wa kwanza uko kwa mwenye nauli: aufanye ukatazo uwe mwepesi kutamkwa. Na aseme mapema, wakati mizigo inapakiwa na jua lingaliko, ya kuwa dereva akiona vema kusimama, watasimama. Maneno yale yale yakisemwa baadaye, gizani, yana harufu ya kusamehe.

Mtu aweza kuuliza, je, dereva naye hana kasoro? Anazo. Yuko mwoga, yuko mvivu, yuko apendaye kurefusha saa ili alipwe zaidi. Na yuko mwingine, wa hatari kuliko hao, aendeshaye kwa kasi ili abiria wamwone hodari. Simfanyi dereva kuwa mfalme wa gari. Nionavyo, amri ya kusimama na amri ya kwenda si ndugu sawa. Yeyote kati ya wawili hawa akisema, "Tusimame," basi wasimame, hata ikiwa asemaye ni abiria asiyejua lolote ila kwamba tumbo lake limejaa hofu. Lakini kwenda kwahitaji ridhaa ya wote wawili. Mwoga akituchelewesha, hasara yake ni chakula cha jioni kilichopoa na chumba kilicholipiwa bure. Hasara ya kinyume chake haina mwenye kuirudisha.

Yabaki jambo la bahashishi, ambalo wenye kuandika juu ya maadili hulipita kwa aibu. Desturi ya Marekani ni abiria kuongeza juu ya bei fungu la dereva, aghalabu asilimia 15 hata 20. Hutolewa mwisho wa safari, mlangoni pa hoteli, mizigo ikiisha kushushwa, na mkono wa mtolewaji na wa mtoaji wote hufunguka kwa furaha ya kufika. Dereva aliyengoja saa tatu chini ya handaki mpaka barabara isafishwe, au aliyeligeuza gari na kumrudisha abiria Denver, amefanya kazi ile ile, tena kwa taabu zaidi, maana amestahimili kununa kwa mtu nyuma ya kisogo chake. Yeye hana mlango wa hoteli. Rai yangu ni kwamba bei ya safari iliyogeuzwa iandikwe katika mapatano tangu mwanzo, sawa na bei ya safari iliyofika, na fungu la dereva liingizwe humo humo kabla gari halijaondoka uwandani. Ili mtu huyo atakapoitazama theluji pale juu, kwenye mita 3,400, awe anatazama theluji tu.