Mgema Akisifiwa: Bia ya Kijerumani na Adabu ya Kusifu

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii hutumiwa zaidi kumwonya anayesifiwa, asije akalewa sifa akaiharibu kazi yake. Lakini ina onyo la pili lisilosemwa mara nyingi, nalo linamhusu msifuji. Tembo lililotiwa maji si kosa la mgema peke yake. Ni kosa pia la wanywaji walioacha kuonja kwa makini, wakaendelea kusifu ladha ya jana ilhali kibuyu cha leo kimekwisha kubadilika. Kwa maana hiyo, kusifu ni tendo lenye wajibu. Anayesifu anatoa ushahidi, na ushahidi huweza kuwa wa haki au wa uongo.

Onyo hili lina uzito wa pekee pale sifa inapovuka mipaka ya nchi na ya dini. Mswahili anayefika Ujerumani kusoma, kufundisha au kutafuta riziki hugundua mapema kwamba bia huko si kinywaji tu. Ina sheria zake, majengo yake, misimu yake na adabu zake, na wenyeji huizungumzia kwa fahari ileile ambayo watu wa pwani huizungumzia kahawa ya barazani. Mgeni huyo, ambaye huenda dini yake imemkataza kilevi, au ameona kwao nyumba zilizovunjwa na chupa, anakabiliwa na swali gumu kuliko linavyoonekana: je, inawezekana kuuthamini kwa haki utamaduni ambao kiini chake mtu amekikataa?

Jibu la haraka ni kwamba haiwezekani. Asiyekunywa, husemwa, hana ulimi wa kuhukumu. Na anayeona kilevi kuwa dhambi hana sababu ya kukisifu. Jibu hili lina kasoro moja. Linachukulia kwamba kinachosifiwa katika bia ya Kijerumani ni ulevi. Historia ya bia hiyo inaonyesha kitu tofauti, nacho ni juhudi ndefu, isiyokamilika na wakati mwingine ya kinafiki, ya kukiwekea kilevi mipaka.

Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm IV na ndugu yake Ludwig X, walitoa amri kuhusu bia. Karne nyingi baadaye ilipewa jina la Reinheitsgebot, yaani Amri ya Usafi, na hadi leo hutajwa kama ushahidi wa uadilifu wa Wajerumani katika kazi yao. Iliagiza kwamba bia itengenezwe kwa vitu vitatu tu: shayiri, maua machungu ya mmea wa hopi, na maji. Hamira haikutajwa, kazi yake ilikuja kuelezwa vizuri na sayansi ya karne ya 19, na kitabu cha Louis Pasteur kuhusu bia kilichapishwa mwaka 1876. Kwa mtazamo wa kwanza, hii ni sheria iliyotungwa kwa ajili ya mgema wa methali. Inamwambia: sifa utapata, lakini kibuyu chako kitakaguliwa.

Hata hivyo, msifuji makini huisoma amri hiyo yote. Akifanya hivyo, atakuta kwamba kabla ya viambato inataja bei: tangu sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli hadi ya Mtakatifu George, kipimo kimoja kisiuzwe kwa zaidi ya pfenigi moja, na katika miezi iliyobaki kisizidi mbili. Atakuta pia kwamba kuwabana wapika bia katika shayiri kulimaanisha ngano na rai zibaki kwa waokaji mikate. Amri ya usafi ilikuwa pia amri ya soko na ya chakula. Atakumbuka, zaidi ya hayo, kwamba mwaka 1602 mtawala wa Bavaria, Maximilian I, alijitwalia haki ya kutengeneza bia ya ngano, akajaza hazina yake kwa kinywaji kilekile ambacho wapika bia wa kawaida walizuiwa kukitengeneza. Na atakumbuka kwamba mwaka 1987 Mahakama ya Ulaya iliamua kuwa Ujerumani haikuwa na haki ya kuzifungia soko bia za nchi nyingine za Jumuiya, zilizotengenezwa kihalali kwao, kwa sababu tu hazikufuata amri hiyo. Usafi uliokuwa kinga ya mnywaji ulikuwa umegeuka kuwa ukuta wa mfanyabiashara.

Je, haya yanaibatilisha sifa? Hayaibatilishi, ila yanaisafisha. Kinachobaki baada ya ukaguzi ni wazo kwamba anayeuza kinywaji anadaiwa ukweli na anayekinywa. Wazo hilo limeendelea kuishi katika mambo madogo. Glasi za bia nchini Ujerumani huwa na mstari wa kipimo, ili mnywaji aone kama amepewa alicholipia au amepewa povu. Mjini Munich kuna hata chama cha raia kilichoundwa kupambana na wamiminaji wanaopunja. Mtu anaweza kucheka, lakini kucheka huko kungekuwa haraka mno. Jamii inayodai mstari kwenye glasi inasema kwamba hata starehe ina haki zake, na kwamba mlevi mtarajiwa naye ni raia asiyepaswa kudanganywa.

Mfano wa pili unatoka Köln. Huko bia ya mji, Kölsch, hutolewa katika glasi nyembamba ya desilita mbili. Mhudumu, ambaye kwa jadi huitwa Köbes, hasubiri kuagizwa. Akiona glasi imekwisha huleta nyingine, na kila anapoleta huchora mstari mmoja kwenye kadi ngumu iliyowekwa chini ya glasi. Hesabu inabaki mbele ya macho ya mnywaji muda wote. Anayetaka kuacha hufunika glasi yake kwa kadi ile. Hatakiwi kutoa sababu, na haulizwi. Katika utaratibu huu mna hatari, kwa kuwa kinywaji huendelea kuja mpaka mtu akizuie. Lakini mna pia heshima, kwa kuwa ishara moja ya kimya inatosha kukizuia.

Mfano wa tatu ni wa kijijini. Katika wilaya ya Oberpfalz, kaskazini mashariki mwa Bavaria, kuna miji midogo kama Windischeschenbach na Falkenberg ambako baadhi ya nyumba zimerithi haki ya kupika bia iitwayo Zoigl. Wenye haki hiyo hutumia jiko moja la jumuiya, kisha kila mmoja huchukua fungu lake likachachuke katika ghala la nyumbani kwake. Bia ikiwa tayari, nyota yenye pembe sita huonyeshwa nje ya nyumba, na majirani huja kuketi humo kwa bei nafuu. Zamu ikiisha, nyota huhamia kwa mwingine. Hapa kinachothaminiwa hakimo ndani ya glasi. Ni mpangilio wa zamu, jiko la pamoja, na mlango ulio wazi.

Mifano hii mitatu inaelekeza kwenye neno moja: kiasi. Wakosoaji wakali kabisa wa bia walikuwa Wajerumani wenyewe, na hoja yao ilikuwa kwamba kiasi hicho ni cha kujidanganya. Immanuel Kant, aliyependa divai mezani pake na kuichukia bia, aliandika mwaka 1797 kwamba mlevi hujiondolea kwa muda ubinadamu wake, na hivyo anakosa wajibu alio nao kwa nafsi yake. Hata hivyo alijiuliza kama divai haiwezi kuruhusiwa karibu na mpaka wa kulewa, kwa vile huchangamsha mazungumzo na kufungua mioyo. Bia hakuipa nafasi hiyo: aliona kwamba huwafanya wanywaji wajifungie katika ndoto zao, na mara nyingi wawe wakorofi. Friedrich Nietzsche, katika kitabu alichokiandika mwaka 1888, alikwenda mbali zaidi, akilaumu kiasi cha bia kilichomo katika akili ya Mjerumani. Kwake, utulivu wa mezani ulikuwa usingizi wa fikra uliopewa jina zuri.

Historia iliyofuata haikuwa na huruma na watetezi wa meza. Tarehe 24 Februari 1920, katika Hofbräuhaus ya Munich, Adolf Hitler alitangaza mpango wa chama chake mbele ya umati uliokusanyika ukumbini. Tarehe 8 Novemba 1923, katika ukumbi mwingine wa bia mjini humo, Bürgerbräukeller, alianzisha jaribio lake la kupindua serikali. Kumbi hizo zilichaguliwa kwa sababu zilikuwa kubwa, na kwa sababu siasa ilikuwa imezoea kukaa humo. Lakini lipo jambo zaidi ya ukubwa. Ushirika wa mezani una joto, na joto hilo halijui lenyewe linampashia nani. Watu wanaoimba pamoja wakiwa wameshikana mabega wanaweza kuwa wanasherehekea mavuno, na wanaweza kuwa wanamtafuta wa kumfukuza.

Ukumbi huohuo wa Bürgerbräukeller una ushuhuda wa pili. Mwaka 1939 seremala mmoja, Georg Elser, alijificha humo usiku baada ya usiku akichimba nguzo iliyokuwa nyuma ya jukwaa, akaweka bomu la saa. Lililipuka tarehe 8 Novemba, na Hitler alikuwa ameondoka dakika chache kabla. Watu wanane walikufa. Elser aliuawa kambini Dachau mwaka 1945. Kitendo chake kina maswali yake mazito ya kimaadili, hasa kwa ajili ya wale wanane. Kwa mada hii inatosha kuona kwamba ndani ya ukumbi ulioimba kwa sauti moja aliwahi kuwamo mtu aliyekataa, na kwamba alilazimika kukataa gizani, peke yake.

Hapo ndipo panapopatikana kipimo ambacho msifuji anakihitaji. Meza haipimwi kwa uchangamfu wa walewao wala kwa usafi wa kinachonywewa. Inapimwa kwa namna inavyomtendea anayesema hapana.

Wataalamu wa Kiswahili wana sababu ya karibu ya kulifikiria jambo hili. Kongamano la Kiswahili linalofahamika zaidi barani Ulaya limekuwa likifanyika kwa miaka mingi Bayreuth, katika wilaya ya Oberfranken, na wilaya hiyo, yenye viwanda vidogo vya bia zaidi ya 100, hujivunia kuwa na viwanda vingi kuliko mahali pengine popote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Tuseme basi kwamba jioni, baada ya mijadala ya ushairi na sarufi, mwenyeji anamwalika mgeni kutoka Unguja au Lamu kwenye bustani ya bia. Mgeni anajua kwamba wako wanazuoni wanaokataza hata kuketi kwenye meza inayozungushiwa kilevi. Anajua pia kwamba kukataa mwaliko ni kumvunjia mtu heshima yake. Akenda au asiende, anadaiwa jambo.

Sheria na mila za wenyeji zina majibu mazuri kuliko wengi wanavyojua. Mwaka 1812 Mfalme Maximilian I Joseph wa Bavaria aliwaruhusu wapika bia wa Munich kuuza bia katika maghala yao wakati wa kiangazi, lakini akawazuia kuuza chakula zaidi ya mkate, ili wasiwanyang'anye wenye mikahawa riziki. Ndiyo asili ya desturi inayodumu mpaka leo katika bustani za bia za Bavaria: mtu anaweza kuja na chakula chake, akakitandaza mezani chini ya miti. Aidha, sheria ya Kijerumani ya mikahawa huagiza kwamba kinywaji kimoja angalau kisicho na kilevi kisiwe ghali kuliko kilevi cha bei ya chini kabisa. Watu huiita kwa utani sheria ya juisi ya tufaha. Nyuma ya utani huo kuna wazo zito: asifanywe mtu kunywa kilevi kwa sababu ya ufukara wake.

Sheria, hata hivyo, haiwezi kufika kila mahali. Bia inayoandikwa kuwa haina kilevi nchini Ujerumani inaruhusiwa kuwa nacho hadi asilimia 0.5, na mwenyeji anayemhimiza mgeni aipokee bila kumweleza hilo amekwisha kutia maji katika ukarimu wake. Wala hakuna sheria inayoweza kuzuia jicho linalouliza, mzaha unaorudiwa mara tatu, au ukimya unaomfanya asiyekunywa aonekane kuwa hakimu wa wenzake. Vivyo hivyo, hakuna sheria inayomzuia mgeni kuishika glasi yake ya maji kama hati ya utakatifu. Yule wa Köln aliyekwisha kunywa tano anayo kadi ya kufunikia glasi. Asiyeanza kabisa, kadi yake ni adabu ya wale walioketi naye, na adabu yake mwenyewe.

Basi inawezekana kuuthamini utamaduni huu bila kuonja tone. Kinachostahili sifa ndani yake ni mambo yanayoonekana kwa asiyekunywa pengine vizuri zaidi: mstari kwenye glasi, nyota inayohama mlango kwa mlango, chakula cha mgeni kinachokubaliwa kwenye meza ya mwenyeji. Na kinachostahili lawama kinaonekana vilevile: ukuta uliojiita usafi, na joto lililosahau kuuliza limemwacha nani nje. Msifuji anayeyataja ya kwanza na kuyanyamazia ya pili hamheshimu mwenyeji wake. Anamtendea kama mgema wa methali, aliyesifiwa na watu waliokwisha kuacha kuonja.

Neno ambalo Wajerumani hulitamka wanapogonganisha glasi, Prost, linatokana na Kilatini, na maana yake ni kutakiana manufaa. Desturi inataka watazamane machoni wanapolitamka. Dua hiyo haitaji kilichomo ndani ya glasi. Inamtaja aliye upande wa pili wa meza.