Kujua Khabari na Kujulia Hali

Mwaka 1930 mwandishi wa Marekani, William Faulkner, alitoa hadithi fupi iitwayo "A Rose for Emily". Ni khabari ya bibi mmoja, Emily Grierson, aliyejifungia nyumbani mwake katika Jefferson, mji mdogo wa kubuni, upande wa kusini mwa nchi hiyo. Msimulizi hasemi "mimi"; asema "sisi". Na "sisi" hao ni mji mzima.

Tazama walivyoyajua mambo yake! Walimjua Homer Barron, msimamizi wa kazi za barabara, aliyekuwa akitembea naye kwa gari la farasi siku za Jumapili. Walijua kuwa amenunua sumu. Wakadhani atajiua, na wakaona ni kheri. Harufu mbaya ilipotoka nyumbani mwake, hapana aliyebisha hodi. Wanaume wanne walinyemelea usiku wa manane wakanyunyiza chokaa, kwa kuwa mkubwa wa mji aliona ni aibu kumwambia bibi wa heshima kwamba kwake kwanuka. Alipokufa ndipo wakaingia, wakavunja mlango wa chumba cha juu, na kitandani wakaikuta maiti ya yule mwanamume, ya miaka mingi.

Yuko atakayesema: mwenye kufunga mlango ni bibi mwenyewe, na jinai ni yake. Hayo ni kweli. Tena wanawake wa mji walikwenda kumpa pole alipofiwa na babake, na baadaye wakampelekea mchungaji. Lakini mchungaji alikwenda kumkanya, hakwenda kumjulia hali.

Lugha yetu imeyapambanua mambo haya mawili: kujua khabari za mtu, na kumjulia hali. La kwanza latimia dirishani na barazani. La pili halina budi hodi. Suratul Hujurat, aya ya 12, yakataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, na yote matatu yalifanyika Jefferson. Ama mtu asidhani kwamba kuacha kupeleleza ndiko kumwacha jirani na upweke wake. Sitara ni kuufunga mdomo, si kuufunga mguu.

Basi mfikirie yule wa mtaani kwako asiyetoka nje. Bila shaka unayajua mengi juu yake. Je, mara ya mwisho ulipobisha hodi kwake ilikuwa lini?