Nani Anatembea Nyuma?

Masomo: Kutoka 16:14-30, Hesabu 10:11-28, Kumbukumbu la Torati 25:17-18, 34:1-5



Wengi wenu mnajua kwamba kikundi cha waamini wetu kilianza kuweka pesa kidogo kidogo kwa ajili ya safari ya nchi za Biblia: Misri, mlima Sinai, jangwa la Negev, na ng'ambo ya Yordani. Mmoja alileta dola 5, mwingine alileta franka za sambaza alizouza sokoni. Halafu mwezi wa Februari 2025 vita viliingia Bukavu. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, na wengi wakabaki bila kazi. Tangu siku hizo swali linatembea kutoka benchi hadi benchi: lile sanduku la safari tulifanyie nini? Wengine wanasema tugawane, tule. Wengine wanasema ni mali ya Mungu, lisiguswe. Na mama mmoja mzee alinisimamisha mlangoni akaniuliza kwa sauti ndogo: "Papa Mchungaji, sisi ambao hatutafika Sinai, Mungu atatuhesabu wapi?"

Leo nataka kumjibu yule mama.

Kwanza: jangwa ni nini?

Sisi ni watu wa mvua. Kutoka hapa Muhumba unaona ziwa Kivu chini yako, na milima ya majani mabichi kila upande. Kwa hiyo tukisikia jangwa tunafikiri mchanga tu. Lakini Sinai ya kusini ni nchi ya mawe, milima mikavu na mabonde ambayo maji hupita siku chache kisha yanapotea. Mlima ambao mapokeo huuita mlima wa Musa una mita 2,285. Kahuzi yetu ina mita 3,308. Basi, si urefu unaoufanya kuwa mtakatifu. Wasafiri wengi huupanda usiku wakiwa na tochi, ili wafike juu kunapopambazuka. Chini yake iko monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa karne ya 6 wakati wa kaisari Yustiniano. Humo watawa wanatunza kichaka ambacho mapokeo yao husema ndicho Musa alichokiona kikiwaka bila kuteketea. Na kabla kuta hizo hazijajengwa, katika karne ya 4, mwanamke mwamini aitwaye Egeria alikwisha kuupanda mlima ule, akawaandikia dada zake yale aliyoyaona.

Ninawaambia haya ili mtu asiseme kwamba safari hii ni anasa ya wenye pesa. Ni njia ya zamani ya watu wa Mungu. Pale Musa aliambiwa avue viatu. Na sisi ambao tangu utoto tunavua viatu tunapoingia kusali, tukifika pale tutajua kwamba lile jiwe na huu udongo wa Muhumba vina Bwana mmoja.

Pili: utaratibu wa msafara.

Fungueni Hesabu sura ya 10. Waisraeli hawakuondoka Sinai ovyo ovyo, kama watu wanaokimbilia gari. Bendera ya Yuda ilitangulia. Makabila mengine yakafuata, kila moja na nafasi yake. Na mwisho kabisa alikuja nani? Dani. Kazi ya Dani ilikuwa kutembea nyuma ya kambi zote, kulinda mgongo wa msafara.

Kwa nini Mungu aliweka walinzi nyuma? Musa anatukumbusha katika Torati: Amaleki hakushambulia mbele, penye mashujaa. Alikuja nyuma, akawapiga wale waliochoka na kudhoofika. Ndugu zangu, adui wa kanisa anaijua kazi hiyo hata leo. Hamwanzi mzee wa kanisa mwenye koti zuri. Anamwanza mjane asiyekuja tena ibadani kwa aibu ya kukosa sadaka. Anamwanza kijana aliyeacha shule, yule ambaye watu wa bunduki wanamwita. Anamwanza mama anayepanda na bidoni ya maji mgongoni wakati bomba limekauka, na ziwa zima liko mbele ya macho yake.

Hata kwenye njia ya Sinai ni hivyo hivyo. Anayetangulia ataliona jua mapema, ni kweli. Lakini kama hakuna anayetembea nyuma na tochi, mzee ataanguka katika mawe, na wale wa mbele watakuwa wanaimba.

Tatu: mana.

Jangwani kila mtu aliokota kwa kipimo cha nyumba yake. Aliyeokota nyingi hakuzidishiwa, na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Waliofungia mana kwa hofu ya kesho waliamka wakakuta funza na harufu mbaya. Lakini angalieni vizuri: mana iliyowekwa siku ya sita kwa ajili ya Sabato haikuoza. Ilikuwa mana ile ile. Tofauti ni hii: moja iliwekwa kwa hofu, nyingine iliwekwa kwa neno la Bwana.

Basi kuweka akiba ya safari si dhambi. Lakini ikiwa sanduku limejaa na chungu cha jirani yako katika benchi hilo hilo ni baridi siku tatu, mimi ninasikia harufu ya funza. Sitawaamuru, kwa sababu pesa si ya mchungaji. Ninawaomba mambo mawili. La kwanza: kabla ya kuandika jina la atakayetangulia Sinai, tuandike majina ya walio nyuma hapa kwetu, tufungue sanduku kwa ajili yao. La pili: siku Mungu atakapofungua njia na safari ikafanyika, kila wanaokwenda wamchukue kati yao mmoja asiyeweza kulipa, tena wamchague mmoja wao awe Dani, atakayetembea wa mwisho. Na safari ikichelewa mwaka mmoja au miaka mitano, mlima hautakimbia.

Sasa namjibu mama.

Mama mpendwa, Musa mwenyewe aliongoza msafara miaka 40 na hakuvuka Yordani. Alisimamishwa juu ya Nebo, akaonyeshwa nchi kwa macho, akafa pale. Nani atasema Mungu hakumhesabu? Na nabii Simon Kimbangu, aliyehukumiwa mwaka 1921, alikufa kifungoni Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 ndani ya kuta za gereza. Hakupanda Sinai. Nani atasema hakupita jangwani?

Wewe, mama, mwaka wa 2025 ulipokea watoto wa jirani waliokimbia, ukawagawia bugali ya sahani moja. Hukutangulia kokote. Ulibaki nyuma na waliobaki nyuma. Hesabu sura ya 10 inataja mahali pako: ni mahali pa Dani. Na msafara wa Mungu haujafika mpaka Dani afike.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, wenye sanduku watakaa pamoja. Tuwaombee wakate neno kwa upendo. Na wewe unayesoma, kabla ya siku hiyo, geuka utazame nyuma yako: yuko nani?

Bwana awatembeze salama. Amina.